Shivaji: Kweli na Uzushi Kuhusu Mfalme wa Wamaratha

Abiria anayetoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda Mumbai kwa matibabu, masomo au biashara hutua kwenye uwanja wa ndege uitwao Chhatrapati Shivaji Maharaj. Kituo kikuu cha treni mjini humo kina jina hilohilo, na makumbusho makubwa ya mji vilevile. Sanamu za mwenye jina hilo zimejaa jimbo la Maharashtra: mtu mwenye ndevu zilizochongoka, amepanda farasi, upanga mkononi.

Shivaji Bhonsle alizaliwa katika ngome ya Shivneri, magharibi mwa India. Tarehe inayoadhimishwa rasmi huko ni 19 Februari 1630. Alifariki katika ngome ya Raigad tarehe 3 Aprili 1680. Katika umri huo wa miaka 50 alisimamisha dola huru katikati ya wakubwa wawili, usultani wa Bijapur upande mmoja na dola la Wamughal upande wa pili, bila ya kuridhiwa na yeyote kati yao.

Mtu wa namna hiyo hakosi kutungiwa ngano. Ngano za Shivaji ni tamu, lakini nyingi zinamwibia. Zinampa miujiza na kumnyang'anya kazi aliyoifanya kwa akili na jasho, na zinawafuta watu wa kila rangi na dini walioifanya pamoja naye. Tuyachambue madai kumi, moja baada ya jingine.

1. Alikuwa pande la mtu, na upanga wake hakuna mwingine aliyeweza kuuinua

*Si kweli.* Mwaka 1664 alikuwapo katika bandari ya Surat kasisi mmoja wa Kiingereza, John Escaliot. Aliandika barua kwao akimweleza Shivaji kama alivyosimuliwa: mtu wa kimo cha wastani, mfupi kidogo kuliko kasisi mwenyewe, mwili umenyooka, mwepesi wa viungo, anatabasamu anapozungumza, macho makali yasiyotulia, rangi yake nyeupe kuliko ya wenzake. Jitu halimo katika maelezo hayo.

Kuhusu upanga, ngano inasema alikabidhiwa na mungu wa kike Bhavani. Wamaratha wa karne ya 17 walipenda panga zenye bapa la Ulaya, zilizowafikia kupitia Wareno wa pwani, wakazitia mipini ya kwao. Nguvu za Shivaji zilikuwa katika kupanga mambo, na upangaji hauhitaji misuli ya ajabu.

2. Alianza bila chochote, mtoto wa mkulima fukara

*Si kweli.* Baba yake, Shahaji, alikuwa jemadari mwenye jina, aliyetumikia usultani wa Ahmadnagar na kisha Bijapur. Mama yake, Jijabai, alitoka ukoo wa Jadhav wa Sindkhed, watu wazito. Shivaji alikulia Pune, katika ardhi ambayo mapato yake alipewa baba yake kama malipo ya utumishi. Alipoanza kuteka ngome akiwa kijana wa miaka kumi na kitu, Torna ikiwa miongoni mwa za kwanza, tayari alikuwa na jina, watu na mahali pa kuegemea.

Kilichokuwa kigeni ni matumizi ya mtaji huo. Wenye vyeo wa zama zake walikwenda kumtafuta sultani mwingine wa kumtumikia pale yule wa kwanza alipowaudhi. Shivaji aliamua kutomtumikia yeyote.

3. Mbinu zake za vita zina mkono wa Mwafrika

*Kweli.* Malik Ambar alizaliwa Ethiopia katikati ya karne ya 16, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akapitishwa mikononi mwa mabwana kadhaa hadi akafika nyanda za Dekani nchini India. Huko alipanda hatua kwa hatua mpaka akawa mtawala halisi wa Ahmadnagar, sultani akibaki na kiti tu. Kwa miaka mingi aliwazuia Wamughal kwa vikosi vya wapandafarasi wepesi: wanapiga, wanapotea, wanakata njia za chakula, wanarudi usiku. Wengi wa wapandafarasi hao walikuwa Wamaratha.

Mwaka 1624, katika vita vya Bhatvadi karibu na Ahmadnagar, Shahaji alipigana upande wa Malik Ambar dhidi ya majeshi ya Wamughal na Bijapur yaliyoungana, na wakashinda. Malik Ambar alifariki mwaka 1626, Shivaji hajazaliwa. Lakini vita vya aina hiyo vilikuwa vimekwisha kuwa mali ya nyumba yao. Shivaji aliongeza kitu kimoja kikubwa: mtandao wa ngome za milimani, ambako mpiganaji mwepesi anapata pa kurudi.

4. Alimwua Afzal Khan kwa hila, wakiwa wanakumbatiana

*Kweli nusu.* Tarehe 10 Novemba 1659, Afzal Khan, jemadari wa Bijapur aliyesifika kwa ukubwa wa mwili, alikutana na Shivaji hemani, chini ya ngome ya Pratapgad. Walikubaliana kila mmoja aje na walinzi wachache. Wakakumbatiana. Papo hapo mkutano ukageuka kuwa mapambano, na Afzal Khan hakutoka hai.

Nani alianza? Waandishi wa Kimaratha wanasema Khan alikibana kichwa cha Shivaji kwapani na kumchoma jambia. Waandishi wa upande wa pili wanasema Shivaji ndiye aliyeanza. Kisichobishaniwa sana ni kwamba Shivaji alikwenda amejiandaa: fulana ya minyororo ya chuma chini ya kanzu, kofia ya chuma chini ya kilemba, na mkononi *waghnakh*, makucha ya chuma yanayofichika ndani ya kiganja, pete zake zikivaliwa vidoleni. Mizinga ilipolia ngomeni, askari wake waliojificha msituni waliliangukia jeshi la Bijapur. Kwa hiyo ule haukuwa ugomvi wa ghafla. Alitarajia kusalitiwa, na alijipanga kuvuna ushindi ikiwa atasalitiwa.

Mwaka 2024 makumbusho ya Victoria and Albert ya London yaliiazimisha Maharashtra waghnakh moja inayohusishwa na tukio hilo. Makumbusho yenyewe yalisema hayana uthibitisho kwamba ndiyo hasa aliyoishika Shivaji. Kitu kilichothibitika zaidi kipo palepale Pratapgad: kaburi la Afzal Khan. Adui alizikwa kwa heshima ya dini yake.

5. Vita vyake vilikuwa vya Wahindu dhidi ya Waislamu

*Si kweli.* Hili ndilo dai linaloleta madhara zaidi, kwa sababu linatumika mpaka leo kuwagombanisha majirani.

Tazama orodha za watu. Mjumbe wa Afzal Khan aliyekwenda kuzungumza na Shivaji alikuwa Mbrahmin, yaani Mhindu wa tabaka la makuhani, Krishnaji Bhaskar. Miongoni mwa walinzi wa Shivaji siku ile alikuwamo Siddi Ibrahim, Mwislamu wa asili ya Kiafrika. Mwandishi wake wa barua za Kiajemi alikuwa Kazi Haidar. Mmoja wa wakuu wa meli zake alikuwa Daulat Khan. Na jemadari wa Wamughal aliyembana mpaka akasalimu amri mwaka 1665 alikuwa Jai Singh wa Amber, Mhindu wa ukoo wa kifalme wa Rajput.

Tusipindukie upande wa pili. Shivaji alikuwa Mhindu mwenye imani ya dhati, na alitaka kutawala kama mfalme wa Kihindu. Alitawazwa kwa taratibu za Veda, maandiko ya kale ya Kihindu, na katika nyaraka za serikali yake maneno ya Kisanskriti yalianza kuchukua nafasi ya yale ya Kiajemi. Lakini kuipenda dini yako hakukulazimishi kuichukia ya mwenzako. Vita vile vilikuwa vya kugombea utawala, kodi na ngome, na kila upande ulikuwa na watu wa dini zote mbili wakila mshahara wake.

6. Kenge aliyefungwa kamba aliwapandisha askari ukutani Sinhagad

*Si kweli.* Usiku wa tarehe 4 Februari 1670, Tanaji Malusare, rafiki wa Shivaji, aliongoza askari kuparamia genge la ngome ya Kondhana karibu na Pune. Tenzi za Kimaratha zinasema kenge aitwaye Yashwanti alifungwa kamba, akakwea, akakita makucha yake mwambani, na watu wakapanda kwa kamba hiyo.

Yeyote aliyewahi kumwona kenge akikwea anajua kwamba ana makucha imara. Lakini haamrishiki akae tuli huku mtu mzima ananing'inia mgongoni pake. Waliopanda walikuwa Wamavle, watu wa mabonde yale, waliokulia kwenye majabali kama hayo. Walipanda gizani kwa mikono na miguu, wakawateremshia wenzao kamba. Tanaji aliuawa huko juu akipigana na Udaybhan, mkuu wa ngome, Mrajput aliyekuwa akiwatumikia Wamughal. Ngome ikatekwa. Ukimpa kenge sifa hiyo, umewanyima wale vijana.

Husemwa pia kwamba ngome ilipewa jina la Sinhagad, yaani ngome ya simba, kumuenzi Tanaji. Nyaraka za kabla ya 1670 tayari zinaiita ngome hiyo kwa jina hilo.

7. Alitoroka Agra ndani ya kikapu cha vitamutamu

*Kutoroka ni kweli. Kikapu kina ubishi.* Mwezi Mei 1666 Shivaji alikwenda Agra, kufuatia mapatano na Jai Singh, ajitokeze mbele ya mfalme wa Wamughal, Aurangzeb. Barazani alisimamishwa katika safu ya maofisa aliowaona wa chini yake. Akahamaki hadharani, akatoka. Muda si muda nyumba aliyofikia ikazungukwa na askari.

Simulizi zinaeleza kwamba alijifanya mgonjwa, akaanza kutuma vikapu vikubwa vya vitamutamu kwa Wabrahmin na maskini kama sadaka. Walinzi waliofungua vikapu siku za mwanzo walichoka kuvifungua. Kama yeye mwenyewe alijikunja ndani ya kikapu au alipita katikati ya wachukuzi akiwa amejibadilisha sura, waandishi wa zamani hawaafikiani. Hakika ni kwamba mwezi Agosti hakuwamo tena. Mwanawe Sambhaji, mtoto wa miaka tisa, aliachwa kwa Wabrahmin huko Mathura ili wasijulikane njiani, akarejeshwa baadaye. Baba alisafiri takriban kilomita elfu moja ndani ya nchi ya adui mpaka akafika ngome yake ya Rajgad. Safari hiyo haikuhitaji kikapu ili iwe ya kustaajabisha.

8. Hakuwahi kushindwa

*Si kweli.* Mwaka 1665, Jai Singh alipoizingira ngome ya Purandar, Shivaji alipima hali akaona ataangamiza watu wake bure. Alitia saini mkataba uliomnyang'anya ngome 23 na kumwachia 12. Miaka mitano baadaye alianza kuzirejesha, moja moja. Kujua wakati wa kuinama ni sehemu ya ujuzi wake wa vita.

Janjira ndiyo iliyomshinda kabisa. Ngome hii, iliyo kwenye kisiwa karibu na Murud kusini mwa Mumbai, ilishikwa na Wasiddi, mabaharia na wapiganaji waliotokana na Waafrika waliofika India kama watumwa, askari na wafanyabiashara. Mwaka 1670 mkuu wao, Fateh Khan, alielekea kukata tamaa na kutaka kuikabidhi ngome. Wenzake walimpindua, wakawaunga mkono Wamughal na kuendelea kupigana. Shivaji hakuiteka maisha yake yote, wala mwanawe. Msomaji wa Afrika anayetaka kujua nafasi ya watu wake katika historia ya India asiishie kwenye habari za utumwa. Waafrika hawa waliizuia pwani ile isimezwe na mfalme aliyewashinda majemadari wa dola kubwa.

9. Mfalme wa milimani hakujua bahari

*Si kweli.* Shivaji alielewa mapema kwamba pwani yake ilikuwa mikononi mwa watu wengine: Wareno, Wasiddi, na baadaye Waingereza wa Mumbai. Wareno hao walitawala kutoka Goa, makao yaleyale yaliyokuwa yakiiendesha Ngome ya Yesu ya Mombasa. Alianzisha uundaji wa meli Kalyan na Bhiwandi, na mwanzoni aliajiri mafundi wa Kireno wakiongozwa na Rui Leitão Viegas, mpaka wakubwa wao walipowarubuni waondoke.

Mwaka 1664 alianza kujenga ngome ya Sindhudurg juu ya kisiwa cha mawe mbele ya Malvan, na risasi iliyoyeyushwa ikatumika kushikiza misingi dhidi ya mawimbi. Mwaka 1679 watu wake walikikalia kisiwa cha Khanderi kwenye mlango wa Mumbai. Waingereza na Wasiddi walijaribu kuwang'oa wakashindwa, kwa sababu mashua ndogo za Wamaratha zilipenya usiku zikipeleka chakula na baruti. Jeshi la maji la India, lilipobadilisha bendera yake mwaka 2022, lilichukua umbo la muhuri wa Shivaji.

10. Alikuwa mtakatifu asiye na doa

*Si kweli, na kudai hivyo hakumheshimu.* Mwaka 1664 aliivamia Surat, bandari tajiri ya Wamughal na lango la mahujaji wa India kwenda Makka, akaipora kwa siku kadhaa. Mwaka 1670 akarudia. Mwingereza aliyekamatwa na watu wake mara ya kwanza alieleza kwamba watu walikatwa mikono na vichwa ili waonyeshe walikoficha mali. Sehemu kubwa ya mji iliungua. Hiyo ilikuwa vita ya kujaza hazina, na waliolipa ni wenyeji.

Mtu huyohuyo, mwaka 1677, alipoteka nchi za kusini na Waholanzi wakaja kuomba waruhusiwe kuendelea na biashara, aliwapa ruhusa kwa sharti lililo wazi: chini ya watawala waliopita walikuwa huru kununua na kuuza wanaume na wanawake, chini yake hapana, na wakijaribu watu wake watawazuia. Wakati huo Waholanzi walikuwa wakisafirisha watumwa kutoka pwani ile kwenda makoloni yao. Kwetu sisi tuliozaliwa kwenye pwani walikouzwa watu kwa karne nyingi, sharti hilo ni la kukumbukwa kuliko upanga wowote.

Na upo waraka mwingine. Karibu na wakati wa kutawazwa kwake, Shivaji aliwaandikia maofisa wa kikosi cha farasi waliopiga kambi Chiplun kusubiri mvua zipite. Anawaonya wasitapanye nafaka na majani waliyowekewa akiba. Vikiisha, farasi watakufa njaa, askari watatoka kwenda vijijini kunyakua: huyu nafaka, yule mkate, mwingine kuni, mwingine mboga. Wakulima watakimbia, na watawaona ninyi wabaya kuliko Wamughal. Kila mmoja amepewa mshahara. Mwenye haja aende sokoni akanunue. Kisha anashuka mpaka kwenye taa. Msiache taa inawaka usiku, anaagiza, kwa sababu panya atakuja kuuburuta utambi wenye moto, majani makavu yashike, na farasi wote waangamie mazizini.

Mtu aliyekuwa akijiandaa kuvaa taji aliwaza habari ya panya na utambi, kwa sababu alijua hasara ya farasi itaangukia mlango wa mkulima.

Hesabu ya mwisho

Tarehe 6 Juni 1674, Raigad, Shivaji alitawazwa. Wabrahmin wa kwao walisita, wakidai ukoo wake si wa tabaka la wapiganaji. Ikabidi aletwe mwanachuoni Gaga Bhatt kutoka Varanasi, athibitishe nasaba na kuongoza ibada. Siku kumi na moja baadaye Jijabai akafariki. Septemba mwaka huohuo akatawazwa tena kwa taratibu nyingine, baada ya baadhi ya watu kusema ibada ya kwanza ilikuwa na kasoro. Mtu wa miujiza asingehitaji kuwabembeleza makuhani. Shivaji alihitaji, kwa sababu alikuwa anajenga kitu ambacho sheria na desturi zingekitambua hata yeye asipokuwapo.

Hakuwafukuza Wamughal kutoka India, wala hakuitawala India nzima. Alipofariki, dola lake lilikuwa sehemu ya magharibi pamoja na ngome za kusini alizoziteka miaka yake ya mwisho. Mwaka 1681 Aurangzeb alishuka mwenyewe Dekani kulifuta. Alimkamata Sambhaji na kumwua mwaka 1689. Lakini mtoto wa pili wa Shivaji, Rajaram, alikimbilia Gingee, mojawapo ya ngome zilezile za kusini, na vita vikaendelea. Rajaram alipofariki, mkewe Tarabai akaviongoza. Aurangzeb alifia hukohuko mwaka 1707, baada ya miaka 26 mbali na mji wake mkuu, bila kuwamaliza Wamaratha.

Mwaka 2025 UNESCO iliziingiza ngome 12 za Wamaratha katika orodha ya Urithi wa Dunia, Shivneri, Raigad na Gingee zikiwamo. Kuta hizo zilijengwa na waashi, zikalindwa na watu wa dini na asili mbalimbali, zikalishwa na wakulima ambao mfalme wao alikataza wasiporwe. Anayetaka kumuenzi Shivaji awaambie watoto wake hayo, na anapoletewa ngano inayowachonganisha watu kwa jina lake, aseme bila kusita kwamba si kweli.